Kuichora Hofu: Mwongozo Kamili wa Kutumia Sanaa Kukabiliana na Woga

Kwa miaka kadhaa nilikuwa napanda ngazi hadi ghorofa ya saba huku nikijidanganya kwamba nafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naiogopa lifti. Iliwahi kukwama nikiwa ndani peke yangu, taa zikazima, na dakika ishirini zile ziliniganda mwilini. Baada ya hapo hata mlio wa mlango wake ulitosha kunitoa jasho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Siku nilipoambiwa niichore hiyo lifti nilicheka. Nikachukua penseli, nikachora sanduku la mistari minne na mtu ndani yake. Nilipomaliza ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kulitamka: mtu yule sikumchorea mdomo. Kumbe sikuwa naogopa kamba kukatika wala urefu wa jengo. Nilikuwa naogopa kupiga kelele na nisisikike. Miaka yote hiyo nilikuwa napambana na hofu ambayo si yangu.

Kuchora hakukuifukuza hofu ile. Kuliipa umbo, na kitu chenye umbo kina mwanzo na mwisho: unaweza kukizunguka, kukipima na kukisogelea kidogo kidogo. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kufika hapo, hata kama mara ya mwisho kushika penseli ya rangi ulikuwa darasa la tatu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina

Jina "tiba ya sanaa" lilianza kutumiwa mwaka 1942 na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza. Alikuwa ameugua kifua kikuu, na alipokuwa akiuguzwa alijiliwaza kwa kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Akaona kwamba kuna kitu kinatulia ndani yake, akaanza kuwashirikisha wagonjwa wenzake. Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1940, Margaret Naumburg aliijia kazi hii kwa mlango wa saikolojia: kwake picha ilikuwa njia ya kutoa yale ambayo ulimi hauyafikii. Leo hii ni taaluma kamili, yenye mafunzo ya chuo na wataalamu wanaofanya kazi hospitalini, shuleni na magerezani.

Unachokifanya peke yako mezani ni kuazima zana za taaluma hiyo ili ujisaidie. Zana hizo zinafaa sana kwa hofu za kila siku, yaani mbwa, giza, sindano, mtihani, kusema mbele ya watu, kupanda ndege. Hazifai kwa mtu aliyepitia vita, ubakaji, kipigo au ajali mbaya na bado tukio linamrudia usiku. Mchoro unaweza kulifungua tukio zima kwa mara moja, na hapo unahitaji mtu aliyefunzwa aketi karibu yako. Kama ndivyo ulivyo, soma mwongozo huu kwa kujua tu, halafu umtafute mtaalamu.

Je, kuna ushahidi? Upo, ingawa usitiwe chumvi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, udongo na vifaa vya kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa) kwa dakika 45. Takriban robo tatu yao walitoka na kiwango cha chini cha kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga wakati wa msongo, na waliowahi kusomea sanaa hawakuwazidi wageni. Ni utafiti mdogo, tena usio na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mimi siujengei nyumba juu yake. Unachonipa ni ruhusa ya kusema: kutojua kuchora si kisingizio.

Hatua ya 1: Chagua hofu moja, na isiwe kubwa kuliko zote

Andika hofu zako kwenye karatasi, kisha kila moja ipe alama kati ya 0 na 10. Sifuri ni "hainigusi", kumi ni "pumzi inakata". Chagua yenye alama 4 au 5. Wengi hurukia ile ya tisa kwa hamu ya kuimaliza, wakiishia kufunga daftari siku ya kwanza na wasirudi tena.

Kisha ipunguze upana. "Naogopa watu" haichoreki. "Naogopa kusimama mbele ya wenzangu kazini na kusoma ripoti" inachoreka, maana ina chumba, ina macho yanayokutazama, ina karatasi inayotetemeka mkononi.

Jiulize pia kama hofu hiyo inakulinda. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Asiyejua kuogelea anayeogopa kina cha maji hana ugonjwa, ana akili, na anachohitaji ni mwalimu wa kuogelea. Hofu ya kuifanyia kazi ni ile iliyozidi hatari yenyewe, ile inayokupandisha ngazi ghorofa saba kila asubuhi.

Hatua ya 2: Vifaa, na kwa nini si vyote sawa

Hapa ndipo wanaoanza hukosea bila kujua. Vifaa vya sanaa vina tabia. Penseli ngumu inakutii: unaweka mstari, unakaa ulipouweka. Krayoni na penseli za rangi zinafuata. Rangi za maji zinakimbia, zinachanganyikana, zinavuka mpaka uliouchora. Rangi za vidole ndizo zisizo na adabu kabisa. Udongo wa kufinyanga uko peke yake: unaweza kuubana, kuupiga, kuuvunja na kuuanza upya, na mikono inatumia nguvu halisi.

Wataalamu huchagua kifaa kwa kuangalia hali ya mtu. Anayeogopa kupoteza udhibiti, ukimpa brashi na maji tele, anaiona hofu yake ikimwagika mbele ya macho yake. Mpe penseli. Aliyejifunga sana, anayechora kisanduku kidogo pembeni kwa rula, huyo ndiye baadaye anayefaidika na maji na udongo, kidogo kidogo.

Kwa hiyo siku ya kwanza chukua penseli, penseli za rangi au krayoni, na karatasi ya kawaida ya A4. Kama hofu inakulemea, chukua nusu yake. Karatasi ndogo ni chumba kidogo: hofu haina pa kutanua. Kifutio kiache kabatini, nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 3: Muda na mahali

Dakika 45 zinatosha, 30 si mbaya. Funga mlango, zima simu, waambie wa nyumbani kwamba hutaki kuulizwa unachora nini. Usifanye muda mfupi kabla ya kulala, usije ukaenda nayo kitandani. Panga cha kufanya baada ya kumaliza: kutembea, kuoga, kufua. Basi.

Hatua ya 4: Pasha mkono moto

Usianze na hofu. Anza na pumzi. Weka penseli upande wa kushoto wa karatasi. Unapovuta pumzi, peleka mstari juu. Unapoitoa, ushushe polepole, na mteremko uwe mrefu kuliko mpando. Fanya hivyo mpaka ukingo wa kulia, kisha rudia mstari wa pili na wa tatu. Mara nyingi mstari wa kwanza huwa na kona kali kama meno ya msumeno, na wa tatu umeanza kufanana na mawimbi. Ukitoa pumzi taratibu mapigo ya moyo hushuka. Mkono unakuonyesha tu.

Kama bado umekakamaa, chora duara, ligawe vipande kama unavyogawa chungwa, upake kila kipande rangi yake. Utafiti wa mwaka 2005 kwa wanafunzi wa chuo Marekani ulionyesha kwamba waliopaka rangi michoro yenye mpangilio walitulia zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu wachore wanachotaka. Karatasi tupu nayo ina hofu yake, muulize mwandishi yeyote.

Hatua ya 5: Ichore ilipo mwilini

Chora umbo la mtu, mistari ya nje tu. Fumba macho, ifikirie ile hofu uliyoichagua kwa sekunde kumi, sio zaidi, kisha fumbua na upake rangi pale mwili ulipojibu. Koo limekauka? Kifua kimebana? Tumbo linakoroga, viganja vina jasho, magoti yamelegea? Kila mahali pape rangi na namna yake: nukta, mikwaruzo, mafundo, moshi.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ina faida kubwa baadaye. Ukishajua kwamba hofu yako huanzia shingoni dakika tano kabla haijafika kifuani, utaitambua ikiwa bado mlangoni.

Hatua ya 6: Sasa ichore yenyewe

Karatasi mpya. Kuna njia tatu, chagua moja tu.

Ya kwanza ni kuchora tukio lenyewe: chumba, mbwa, lifti, daktari mwenye sindano. Inafaa kama hofu yako ina mahali.

Ya pili ni kuipa hofu kiwiliwili. Ingekuwa kiumbe, kingekuwaje? Kina miguu mingapi? Kinatembea au kinatambaa? Kina macho? Kinakula nini? Hilo la mwisho si mzaha. Mama mmoja aliyekuwa anaogopa kuzungumza hadharani alichora mnyama mwenye masikio makubwa asiye na macho, na alipojiuliza anakula nini, jibu lilimtoka lenyewe: "Anakula kimya." Kila alipokaa kimya kwenye kikao, mnyama alinenepa. Hata angesoma vitabu kumi kuhusu tabia ya kukwepa, sidhani kama angeielewa hivyo.

Ya tatu ni kutochora kitu chochote, bali mistari na rangi peke yake. Inafaa kwa ule wasiwasi usio na sura, unaoamka nao asubuhi bila kujua umetoka wapi. Tumia mkono ambao huuandikii. Mkono huo haujui kujipendekeza.

Vyovyote utakavyochagua, amua mambo mawili kwa makusudi: ukubwa wa hofu kwenye karatasi, na mahali ulipo wewe. Jichore hata kama ni kijiti chenye kichwa. Uko mbali nayo? Mmegeukiana migongo? Uko ndani yake? Kama hukujichora kabisa, hilo nalo ni habari.

Ukikosea mstari, usifute. Chora mwingine juu yake. Mstari uliokosewa mara nyingi una jambo la kusema, na kwa mtu mwenye hofu kufuta hugeuka kuwa njia nyingine ya kukimbia. Ndiyo maana kifutio kiko kabatini.

Hatua ya 7: Itazame bila kuitafsiri

Isimamishe karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tatu au nne. Sasa sema kwa sauti kile unachokiona, na ukianze kila mara na "naona". Naona sanduku. Naona mtu mdogo. Naona rangi nyeusi juu, nyeupe chini. Naona hana mdomo. Kaa kwenye kuona kwa dakika mbili nzima kabla ya kuingia kwenye maana.

Baada ya hapo andika chini ya picha maneno matatu ya hisia, yaliyo mahususi. "Vibaya" si hisia. Aibu, upweke, kunaswa, kudharauliwa, hizo ndizo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliangalia ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso zenye hasira na hofu. Walipoipa hisia jina, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, ilipunguza kelele. Kwa hiyo maneno hayo matatu ni sehemu ya tiba, usiyaruke.

Na jihadhari na wale wanaokuuzia kamusi ya rangi: nyeusi ni kifo, nyekundu ni hasira, mti usio na mizizi ni utoto wenye shida. Mtu anaweza kutumia nyeusi kwa sababu krayoni nyingine zimekatika. Mwenye mchoro ndiye mwenye tafsiri.

Hatua ya 8: Ongeza kitu kimoja

Kama kuna hatua ambayo nisingekubali uiache, ni hii. Rudi mezani, uulize mchoro wako: mtu huyu anahitaji nini? Usiipunguze hofu, usiichane, usiipake rangi nyeupe juu. Mwongezee yule mtu kitu. Mlango, taa, fimbo, kiti, rafiki, ukuta mfupi kati yake na mbwa, kamba mbwa afungwe. Ikibidi, unganisha karatasi ya pili kwa gundi ili picha ipate nafasi.

Mimi nilimwongezea mtu wangu mdomo. Halafu mdomo peke yake ukaonekana hautoshi, nikachora kitufe chenye kengele, na upande wa pili wa ukuta mtu ameketi, sikio lake kubwa kama ungo. Nikabaki nacheka. Kesho yake nilikwenda kumuuliza msimamizi wa jengo kitufe cha kengele kinaita wapi. Alinionyesha, akabonyeza, kikaita kwenye chumba chake. Nilikuwa nimekaa na hofu ile miaka sita bila kuuliza swali hilo moja.

Unaona kilichotokea. Kitu ulichokiongeza kwenye picha mara nyingi ni jambo unaloweza kulifanya, ukiliondolea mzaha wake. Aliyechora ukuta anahitaji umbali. Aliyechora rafiki anahitaji kusindikizwa mara ya kwanza. Aliyechora saa anahitaji kujua itachukua muda gani.

Hatua ya 9: Ngazi ya vibonzo

Gawa karatasi kwenye visanduku sita. Cha mwisho kiwe kile unachotaka kukifanya: umo ndani ya lifti, inapanda. Cha kwanza kiwe kidogo kiasi cha kuchosha: umesimama koridoni, unaitazama. Katikati jaza ngazi: unabonyeza kitufe na kuondoka, unaingia na kutoka mlango ukiwa wazi, unapanda ghorofa moja na mtu, unapanda moja peke yako. Kila kisanduku mpe yule mtu sura na maneno anayojisemea.

Kisha toka ukafanye kisanduku cha kwanza. Ndiyo, kwa miguu yako. Hofu hulishwa na kukwepa: kila unapoikimbia unapata nafuu ya papo hapo, na ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Inapungua pale unapokaa karibu na kitu mpaka mwili ujionee kwamba balaa halikuja. Anayechora kila jioni na asisogee kisanduku kimoja amepata burudani nzuri, na bado anapanda ngazi.

Rudia kila kisanduku mara kadhaa, mpaka alama ishuke, tuseme kutoka 6 hadi 3, ndipo uvuke. Ukikwama, kisanduku ni kikubwa mno. Kigawe viwili.

Kama mwenye hofu ni mtoto

Hatua ni zilezile, kwa ufupi zaidi, na mdomo wako uwe mfupi zaidi. Usiulize "hii ni nini?" maana atadhani amekosea. Sema "nisimulie". Usishike penseli yake, usimrekebishie mikono ya zimwi, na usibandike picha ukutani bila ruhusa yake.

Mpwa wangu alikuwa hataki kulala kwa sababu ya kitu kilichomo kabatini. Alikichora kikubwa, meno mengi. Nikamuuliza tu kama kina baridi huko ndani. Akafikiri, akakichorea soksi. Usiku ule alitaka kabati liachwe wazi kidogo, "kisije kikakosa hewa". Sikumwambia kwamba hakuna kitu kabatini. Alishaambiwa hivyo mara mia na haikusaidia.

Wakati wa kuweka penseli chini

Ukiona pumzi inakata, chumba kinakuwa kama si cha kweli, au kumbukumbu inakuja kama inatokea sasa, simama. Geuza karatasi. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Shika kitu cha baridi. Usilazimishe kuumaliza mchoro siku hiyo.

Mtafute mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba ya sanaa kama hilo linajirudia, kama umeacha kazi au masomo kwa sababu ya hofu, kama hulali, kama unahitaji pombe ili utoke nyumbani. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, wala usingoje miadi. Nenda na michoro yako kwa mtaalamu. Itawaokolea wote wawili vikao kadhaa vya kuzungukazunguka.

Michoro iwekwe wapi

Iandikie tarehe nyuma, na alama ya hofu kabla na baada. Itie kwenye bahasha na uifunge. Kuifunga bahasha ndiko kunakomaliza kikao. Usiichome wala kuichana kabla ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu utataka kulinganisha, na kumbukumbu ya mtu aliyepata nafuu husahau haraka alikotoka.

Mimi ninazo tatu. Ya kwanza lifti imejaza karatasi yote. Ya pili imebaki nusu. Ya tatu iko kwenye kona, ndogo kama kiberiti, na sehemu kubwa ya karatasi imechukuliwa na koridoni na watu wanaosubiri, mmoja wao ana mwavuli. Sikupanga iwe hivyo. Mwavuli ule ulinichukua muda mrefu kuliko lifti, maana vijiti vyake vilikataa kabisa kukaa sawa.